Mjomba Apewa Kazi ya Taa

Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba. Fedha zikishaingia, Newala na Masasi huoza mabinti, hutoa wali unyagoni na kupaka nyumba rangi, vyote kwa mkupuo, na ifikapo Desemba taa za kumetameta hazikai dukani. Tatizo ni kwamba Desemba ndiyo mvua inapokolea. Uwanda wa Makonde ulijulikana miaka mingi kwa shida ya maji, akina mama wakiteremka mabondeni kuyafuata. Siku ya sherehe yanakuja yenyewe, tena yanaijua njia ya kwenda kwenye soketi.

Katika ua mmoja wa Newala kazi ya taa alipewa mjomba, si kwa ufundi bali kwa cheo. Kwa Wamakonde mjomba hapingwi ovyo, hata akiwa ameshika waya. Plagi ya taa ilikuwa na miguu miwili, soketi ya ukutani matundu matatu, na tundu la juu ndilo linalofungua vizibo vya yale mawili ya chini. Mjomba akalichokoa kwa njiti ya kiberiti. Plagi ikaingia, lakini ilicheza, na plagi inayocheza hutoa cheche, hupata moto, mwishowe huyeyusha soketi.

"Mjomba, boksi limeandikwa IP20," alisema mpwa wake aliyesomea umeme VETA.

"Ishirini inatosha."

Haitoshi. Katika namba hiyo tarakimu ya pili ndiyo ya maji, na sifuri maana yake taa haina kinga yoyote. Za kukaa nje ziwe angalau IP44, zinazostahimili maji ya kurushiwa. Edward Johnson, mshirika wa Edison, alipowasha taa 80 kwenye mti wa Krismasi kule New York mwaka 1882, mti ulikuwa ndani ya nyumba.

Mjomba akatandaza ekstensheni uani na kukivika kiungo cha nyaya mfuko wa plastiki, ule wa kubebea bidhaa uliopigwa marufuku Juni 2019. Mfuko hauzuii maji, huyakusanya. Waya akaupitisha juu ya ukingo wa bati, akaufungia kwenye waya wa kuanikia nguo. Mvua ikanyesha. Bibi alikwenda kuanua kitenge, akarushwa hatua mbili, akaamka mzima akimlaumu mkwe ambaye wala hakuwepo.

Hapo mpwa akaruhusiwa. Viungo vyote alivipeleka barazani, akaviinua visiguse sakafu. Kila waya aliulegeza ushuke kidogo kabla ya kuingia ndani, ili matone yadondoke chini badala ya kuufuata hadi kwenye soketi. Akafunga kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30. Kwenye banda la makuti aliweka taa za LED tu, kwa kuwa zile za zamani hupata joto, na makuti hayahitaji kubembelezwa ili yawake.

Usiku mjomba akasimama kutoa nasaha. Sentensi ya tatu, giza. Watu wote wakamgeukia mpwa. Akakagua kifaa chake: hakijakata. Akakagua soketi: kavu. Akaenda kwenye mita ya LUKU, akakuta uniti sifuri. Fedha ya umeme alikabidhiwa mjomba asubuhi, naye alikuwa ameinunulia boksi la pili la taa.