Yah: Madai ya Ada ya Wahadhiri wa Kijiji

Kwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria,
Chuo Kikuu (jina tunalihifadhi),
Marekani.

Profesa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi huku Kagera, Tanzania, hatujambo. Kahawa imeiva na mwanafunzi wako ameshaondoka. Tunakuandikia kukuarifu kwamba somo alilokuja kulisoma amelisoma vizuri, na waliomfundisha ni sisi. Kwa hiyo tunawasilisha madai yetu ya ada kabla hujafunga mahesabu ya mwaka.

Kwanza tumsifu kijana mwenyewe. Ana adabu. Alikula ndizi kila siku bila kununa, na alijifunza kuwasalimia wazee kabla ya kuwahoji, jambo ambalo wengine waliomtangulia hawakulipata. Alifika na kibali cha utafiti, barua ya mkoa, barua ya wilaya na barua ya kata, zote zimegongwa mihuri. Mjane wa hapa kwetu hajawahi kutoka nyumbani na mihuri mingi kiasi hicho, na ndiyo maana kila aendako anarudishwa.

Andiko lake linahusu haki za wanawake katika ardhi ya "nchi maskini". Hatukukasirika. Tunakukumbusha tu kwamba Julai 2020 Benki ya Dunia ilitupandisha daraja, tukaingia nchi za kipato cha kati cha chini. Habari hizo bado hazijafika kwenye nyumba zetu, lakini tulitegemea zingekuwa zimefika chuoni kwako, maana kwenu mtandao haukatiki.

Alituambia pia kwamba amekuja kuziba pengo la maarifa. Tukalitafuta pengo hilo pamoja naye, hatukuliona. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sheria tangu 1961. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kesi ya mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, ukoo ukamjia juu. Jaji akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Mwaka uliofuata Rais akaunda tume chini ya Profesa Issa Shivji, ikazunguka nchi nzima kusikiliza malalamiko ya ardhi. Ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ambayo kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Mwaka 2015, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema wajane wawili wa Kitanzania walivunjiwa haki zao. Maarifa yapo, Profesa, yamejaa kabati. Yanakwama njiani kabla ya kufika kwenye migomba, na kipande hicho cha njia ndicho tulichomfundisha kijana wako. Mchanganuo wa masomo ni huu ufuatao.

Somo la kwanza: Ushahidi. Aliuliza mpaka wa shamba umeandikwa wapi. Mzee mmoja akampeleka kwenye mlamula, mmea tunaoupanda mipakani, akamwambia aupige picha haraka kwa sababu huwa unatembea usiku. Kijana akacheka, akadhani ni ngano za wazee. Mzee akamwinamisha, akamwonyesha mashimo mawili: la zamani limeshaanza kuota majani, na jipya, udongo wake bado mbichi, limeingia hatua nne ndani ya shamba la mjane.

Somo la pili: Mirathi. Mhadhiri alikuwa mjane mwenyewe. Kijana alimkuta anaanika kahawa, kwa sababu likizo yenu ndiyo msimu wetu. Akamsomea fomu ya ridhaa kutoka kamati yenu ya maadili. Fomu ikasema mshiriki hatapata faida yoyote ya moja kwa moja. Mama akaitikia kwa kichwa. Ikasema hatari za kushiriki hazizidi zile za maisha ya kila siku. Mama akasema, "Basi ni nyingi, mwanangu." Akaweka dole gumba. Katika nyaraka zote za kisheria zilizowahi kusomwa kijijini hapa, hiyo ndiyo pekee iliyotekelezwa neno kwa neno.

Mama akaeleza. Mume amefariki, shemeji amechukua shamba. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kijana akamweleza kwa furaha kwamba Katiba iko upande wake, kifungu cha 20 kiko upande wake, hata Umoja wa Mataifa uko upande wake. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa kesho asubuhi niende wapi?"

Kijana akafunga daftari. Akasema kwa upole kwamba yeye ni mtafiti, haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria.

Somo la tatu: Utaratibu. Hili tulilifundisha sisi wa Baraza la Ardhi la Kijiji, watu saba, watatu kati yetu wanawake, kama sheria inavyotaka, na mshahara hatuna. Tulimweleza kwamba sisi tunasuluhisha tu. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu. Suluhu ikishindikana, unapewa hati ya kushindikana, unaipeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa nauli yako. Ukifika unaulizwa: wewe nani katika mali ya marehemu? Unarudishwa Mahakama ya Mwanzo ukaombe usimamizi wa mirathi. Huko unaambiwa ulete muhtasari wa kikao cha ukoo. Na mwenyekiti wa kikao cha ukoo ni shemeji.

Hapo kijana aliandika kurasa nyingi. Alituambia huo ndio utakuwa ugunduzi mkuu wa andiko lake. Tulimpongeza, ingawa mama mjane alikwishaugundua mapema.

Sasa tuje kwenye hesabu. Katika vyuo vikubwa vya sheria vya Marekani, ada ya mwaka mmoja inazidi dola 70,000. Wewe umepokea ada na kijana atapata alama. Waliofundisha wameandaliwa shukrani katika tanbihi, bila majina, ili kulinda faragha yao. Hatudai zote. Tunaomba yafuatayo:

1. Andiko liletwe kwa Kiswahili na kusomwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tutalisahihisha. Sisi pia tuna haki ya kutoa maksi.

2. Mwanafunzi ajaye aje na mwenzake wa sheria kutoka chuo cha hapa nchini, kwa jina lake kamili juu ya andiko, asiwe mkalimani wa kubeba begi.

3. Kama dola zinauma, tulipeni kwa nauli. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, na wao wanaruhusiwa kujibu lile swali la kesho asubuhi. Bei ya tiketi moja ya ndege kutoka kwenu ingempeleka msaidizi wetu wilayani na kumrudisha mpaka kesi iishe, hata ikichelewa kama kawaida yake.

Tukipata malipo, tuko tayari kumpokea mwanafunzi mwingine. Masomo ya juu bado yapo: rufaa, utekelezaji wa hukumu, na namna faili linavyopotea.

Wako katika ujenzi wa taifa, liwe letu au lako,

Mwenyekiti,
Baraza la Ardhi la Kijiji.

Nakala:
Mhasibu wa Kitivo – kwa utekelezaji.
Kamati ya Maadili ya Utafiti – kuthibitisha kwamba faida hatukupata.
Shemeji – kwa taarifa. Yeye hakuhojiwa. Kila alipofuatwa alikuwa shambani.