Shikamoo, Afisa Ajira

Mpiga ramli, hata awe bingwa, atakuketisha mkekani, akuulize jina la mama yako, achore na kufuta weee kabla hajakwambia nyota yako ikoje. Afisa ajira hana haja na mashaka hayo. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani, TheLadders, ilifuatilia macho ya wenzake 30 wakiwa kazini, ikaona kuwa wasifu mmoja huwachukua kama sekunde 6 kuamua unafaa au la. Kutoka darasa la kwanza mpaka shahada kwetu ni miaka 16. Sekunde 6! Halafu kuna watu husema ofisini hakuna anayejituma.

Ana huruma pia. Hataki mgeni ahangaike na kazi asiyoijua, ndiyo maana hata nafasi ya kupokea wageni na kupanga mafaili hudai uzoefu wa miaka mitatu. Wenye pupa huuliza uzoefu huo utapatikana wapi ikiwa kila mlango unaudai. Swali la kitoto. Uzoefu hupatikana kwa mjomba.

Na sikio lake la majina! Wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma maombi karibu 5,000 ya watu wa kubuni huko Boston na Chicago. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2004, yalionyesha kuwa wenye majina ya Kizungu kama Emily waliitwa kwa asilimia 50 zaidi kuliko wenye majina ya Wamarekani weusi kama Lakisha, wakati sifa zao zililingana. Wasomi wakashtuka. Huku kwetu tungeshtuka nini? Afisa mzoefu hulitazama jina la tatu tu, akajua kabila, dini, na kama baba yako anafahamika wizarani.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye usaili. Watu wazima watatu, kila mmoja na chupa yake ya maji, wanamuuliza kijana: udhaifu wako ni upi? Kijana anajibu kuwa hupenda kazi kupita kiasi, mpaka husahau kula. Wanaandika. Wao wanajua ni uongo, yeye anajua kuwa wanajua, na alama huenda kwa asiyepepesa macho. Kama nafasi ni ya mhasibu, mimi sioni kipimo bora.

Juni 2014 Uhamiaji walitafuta watu 70. Wakafika zaidi ya 10,000, usaili ukafanyiwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Wakosoaji walilalamika sana. Hawakufikiri ni vipaji vingapi vya soka vimezeeka bila kuitwa Taifa hata mara moja.

Baada ya usaili, kimya. Wabaya wa afisa hukiita dharau, nami nakiita adabu. Barua ya kukataliwa ingekuua siku moja. Kimya hukuacha hai, shangazi akiuliza unamjibu kwa kichwa juu kwamba bado hawajapiga. Tena wakipiga, ni mwaliko kamili wa usaili mwingine: ufike Dodoma kesho kutwa saa moja asubuhi na vyeti halisi, na kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi.