Jinsi ya Kumchua Paka wa Kariakoo

Kwanza tafuta paka. Kariakoo, Dar es Salaam, kazi hiyo haina jasho: karibu kila stoo ya nafaka, kuanzia Mtaa wa Mkunguni hadi Tandamti, ina wake, na wengine hawana stoo wala mwenyewe. Huyu ndiye askari wa zamu ya usiku. Mwenye duka akishateremsha mlango wa chuma, makuli wakaenda kulala, ni yeye anayebaki na panya na magunia ya maharage. Malipo yake ni vichwa vya samaki, na asubuhi teke la mbavu kwa kulala juu ya mizani. Basi anatudai, na deni hilo ni la haki na linalipika kwa mikono miwili mitupu.

Chagua saa. Mchana wa Jumamosi kwenye Mtaa wa Kongo usithubutu. Sikio la paka linanasa sauti za zaidi ya hertz 60,000, wakati la binadamu huishia kama 20,000. Basi fikiria anachosikia pale vipaza sauti vinne vinaponadi viatu, sufuria, dawa ya mende na laini za simu kwa pamoja. Misuli iliyokazwa na hofu hailegezwi na mchuaji yeyote duniani. Njoo baada ya sala ya alfajiri, kabla turubai hazijatandikwa, au Jumapili jioni.

Kisha omba ruhusa, na hapa ndipo wakazi wa Kariakoo tunapofeli. Sisi mteja tunamvuta mkono mpaka ndani ya duka: "Karibu dada, ingia uangalie tu, kuangalia bure!" Paka akivutwa hivyo atakuachia kumbukumbu ya kucha. Kaa kwenye kigoda, shusha kidole kimoja kwenye usawa wa pua yake, macho yatazame pembeni, maana kumkazia macho ni kumtishia. Akija kunusa, akasugua shavu kwenye kidole chako, kibali kimetoka. Kwenye mashavu na kidevu ana tezi za harufu, na kwa kusugua huko amekuandikisha kuwa mtu wake. Akigeuka akaingia chini ya meza ya muuza soksi, mwache aende zake. Habembelezwi kwa bei.

Sasa mikono. Mwalimu ninayemfuata ni Linda Tellington-Jones, mpanda farasi kutoka Kanada, ambaye miaka ya 1970 alisoma kwa Moshe Feldenkrais, mtaalamu wa miendo ya mwili wa binadamu, kisha akapeleka elimu hiyo kwa farasi, mbwa na paka. Somo lake kuu ni duara moja na robo. Weka ncha za vidole kwenye bega la paka. Chukulia kwamba hapo pana uso wa saa ya ukutani: anzia penye 6, zungusha ngozi kufuata mishale mpaka urudi penye 6, endelea kidogo ufike 9, pumzika, hamia mahali pengine. Ngozi ndiyo inayozunguka, vidole havitelezi juu ya manyoya. Uzito wa mkono uwe ule ambao ungeuvumilia kwenye kope la jicho lako. Yule jamaa wa kinyozini anayekuvunja shingo kwa sauti ya "kraa" usimwige hapa. Uti wa mgongo wa paka una pingili nyingi nyembamba, na asiyesomea kuuvuta na kuupinda asiuguse kwa nia hiyo.

Anza kichwani, shuka shingoni, mabegani, ubavuni. Mkia na nyayo viache mpaka mjuane vizuri. Tumbo liache kabisa. Akilala chali mbele yako amekuamini, lakini kukuamini na kukukaribisha ni mambo mawili, na mikono mingi ya watu wema imechanika kwa kuyachanganya. Mkia ukianza kupigapiga sakafu au masikio yakilala nyuma, somo limekwisha. Na usidanganywe na mngurumo. Paka hunguruma akifurahi, lakini hunguruma pia akiwa na maumivu, hata akizaa.

Sidai kwamba duara hizi zinatibu ugonjwa. Zinamtuliza, na akitulia mikono yako inaanza kusoma. Paka shume hupigana usiku, na meno ya mwenzake huacha tundu dogo ambalo ngozi hulifunika upesi. Ndani hufanyika jipu. Jicho halilioni chini ya manyoya, vidole vinalipata: kivimbe cha moto kichwani, mguu wa mbele au shina la mkia. Utakuta kupe nyuma ya sikio. Utahesabu mbavu na kujua kwamba huyu hali. Joto la mwili wake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, juu ya letu, kwa hiyo usishtuke ukimhisi wa moto kidogo mwili mzima. Pale penye moto mahali pamoja ndipo pa kushtukia.

Jambo la mafuta ndilo linaloninyima usingizi. Mtu wa pwani hawezi kufikiria kuchua bila mafuta, na Kariakoo mafuta yamejaa: ya karafuu, ya mkaratusi, na vile vikopo vya dawa ya kuchua vinavyonukia kafuri na mentholi. Kwa mgongo wa kuli aliyebeba magunia tangu alfajiri ni neema. Kwa paka ni sumu. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuvunja kemikali za namna hiyo, na kila unachompaka atakilamba. Hivyo hivyo dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini: paka akipakwa hutetemeka, hupata degedege na anaweza kufa. Na tafadhali, kwa kuwa umemwona anachechemea, usimpe Panadol. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumwua. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, ufizi ukageuka rangi ya udongo. Mikono mikavu, iliyonawiwa kwa sabuni, ndiyo dawa yote unayohitaji kubeba.

Paka si mnyama pekee anayehitaji mikono ya upole Kariakoo. Kwa kuku mwongozo ni mfupi, na mteja wa soko la kuku ausikilize kabla hajalipa. Tiba yake kuu ya mikono ni kubebwa wima. Kuku hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo. Ukimning'iniza miguu juu, matumbo yanalalia mifuko yake ya hewa na pumzi inakuwa kazi. Mkumbatie kifuani, mabawa yamefungwa chini ya mkono wako, naye atanyamaza hata ndani ya daladala. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na haikuandikwa kwa ajili ya mbwa wa matajiri wa Masaki peke yao.

Mwisho, kucha na meno. Kichaa cha mbwa hushika paka pia. Mnyama aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate au kuuma bila kuchokozwa, asiguswe na mtu yeyote kwa duara wala kwa mraba. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Jipu, mguu uliovunjika, paka asiyekula siku mbili: hayo ni ya daktari wa mifugo. Na wewe mwenye stoo, unayesema paka si wako ila "anakaa tu hapa", hesabu magunia ambayo panya hawajayatoboa mwaka huu, kisha mtie kwenye boksi lenye matundu umpeleke akachanjwe wiki hii.