Sifa za Hitilafu ya Kanda

Washairi wa pwani walishausifu mnazi, nami sina la kuongeza. Ninayemsifu hapa hajawahi kutungiwa hata beti: ni ile hitilafu inayojitokeza kwenye kioo cha seva ya Unix bakapu ya kanda inapogoma, Input/output error.

Tazama ufupi wake. Ndani ya mfumo huitwa EIO na namba yake ni 5, basi. Haitoi hotuba wala haiundi kamati. Tena ni ya heshima: kwa kuwa bakapu nyingi hupangiwa cron usiku, huja wakati ofisi ni tupu na haimwaibishi fundi mbele za watu. Huandika ujumbe wake, ikamsubiri mpaka asubuhi.

Na haibagui. Kichwa cha kusomea kikiingia uchafu, hutamka maneno yaleyale. Kanda ikichakaa, yaleyale. Kebo ya SCSI ikilegea, yaleyale. Kwa ukarimu huo fundi hulazimika kuijua mashine nzima. Ataendesha mt status kuona kama kanda imo kweli, ataingiza kanda ya kusafishia, atajaribu kanda mpya, atasoma dmesg. Akishindwa kote, atapiga magoti nyuma ya rafu ya seva akishika waya mmojammoja. Unyenyekevu wa namna hiyo haufundishwi na cheti chochote.

Kwenye Linux ina ndugu mcheshi kuliko yeye. Programu ya tar, iliyokuja na Unix toleo la 7 mwaka 1979, kwa kawaida hukusanya vipande 20 vya baiti 512, yaani baiti 10,240 kwa mkupuo. Ikipewa kanda iliyoandikwa kwa mkupuo mkubwa zaidi, huambiwa kwamba kumbukumbu haikupatikana. Fundi mgeni husikia neno kumbukumbu akaanza kuomba fedha za RAM, ilhali dawa ni kuongeza namba moja tu kwenye amri, baada ya herufi b. (Mhasibu asisome aya hii.)

Lakini mimi naisifu zaidi kwa sababu inasema. Kuna makosa yasiyosema. Andika bakapu ya Jumatatu kwenye /dev/st0, kisha ya Jumanne kwenye kanda hiyohiyo. Kifaa cha jina hilo hurudisha kanda mwanzo kila kinapofungwa, kwa hiyo Jumanne inaandikwa juu ya Jumatatu, na kioo hakionyeshi malalamiko yoyote. Ungetumia /dev/nst0, kanda ingebaki ilipoishia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe husikika siku bosi anapotaka faili la Jumatatu.

Pixar ya Marekani iliusikia mwaka 1998. Amri moja ya kufuta ilipita kwenye faili za Toy Story 2, na sehemu kubwa ya filamu ikatoweka. Walipokimbilia bakapu wakakuta hazifai, kwani zilikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeigundua. Iliyowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua. Laiti hitilafu yetu ingewatembelea mapema, ikawakera wiki nzima!

Wasemao kanda ni mambo ya kale wakumbuke Februari 2011, barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail zilipotoweka kwa dosari ya programu iliyogusa hata nakala nyingine. Google ilizirudisha kutoka kwenye kanda.

Kwa hiyo, msimamizi mwenzangu, ukiikuta kesho asubuhi usiitukane. Safisha kichwa, badilisha kanda, iendeshe bakapu upya, kisha rudisha faili moja kutoka humo na ulifungue ulione kwa macho yako.