Sifa za Saa Isiyotembea

Katika maisha yangu nimemiliki saa moja tu ambayo haikuchelewa hata dakika moja. Ilikuwa ya plastiki, imepakwa rangi ya dhahabu, na mishale yake ilichapwa usoni pamoja na tarakimu: mmoja kwenye kumi, mwingine kwenye mbili, kama saa za matangazoni. Niliipata Krismasi, mwaka nilioomba gari la rimoti. Wenzangu wamewasifu wafalme, ngalawa na warembo. Mimi leo nasimama kuisifu saa hiyo, na mwenye haraka atazame yake aondoke.

Mwenye kusifiwa hutajwa kwanza ukoo. Saa yangu ilizaliwa China na kukulia Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kwenye ubao wa machinga, kati ya miwani isiyozuia jua na filimbi zenye sauti ya kifaranga. Ikifika Desemba ndugu zake hutawanyika hadi vituo vyote vya mabasi njia ya Moshi, maana kila mfanyabiashara anajua kwamba mwezi huo Mchaga anarudi nyumbani, na harudi mikono mitupu.

Anayedaiwa kuileta ana ukoo mrefu zaidi. Mtakatifu Nikolao alikuwa askofu wa Mira, katika Uturuki ya leo, karne ya 4. Husimuliwa kwamba baba mmoja maskini alikosa mahari ya kuwaozea binti zake watatu, na askofu akapita usiku akawarushia dhahabu dirishani. Wamarekani ndio waliomnenepesha. Thomas Nast alianza kumchora magazetini mwaka 1863, na kuanzia 1931 Haddon Sundblom akampa mashavu mekundu kwa ajili ya matangazo ya Coca-Cola. Kwetu alifika akiwa amechapwa kwenye kadi, akaning'inizwa kwenye uzi sebuleni, katikati ya theluji, kwenye joto la Dar es Salaam ambalo lilikuwa likikunja kadi yenyewe.

Watoto wa mtaani kwetu walimtilia shaka. Atatoka wapi na theluji yake? Atapita wapi, na nyumba zetu hazina bomba la moshi? Mimi ambaye kila Krismasi nilipelekwa Marangu kwa babu, swali hilo halikunipa shida. Theluji ilikuwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nikiiona asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Baba Krismasi hakuhitaji hata wanyama wa kumvuta: angeshuka kwa miguu, alale Horombo, apumzike Mandara, atokee getini kama wapagazi wengine wenye mizigo. Nikaandika barua, "Baba Krismasi, S.L.P. Kibo, Marangu," nikampa baba aipeleke posta.

Tukasafiri. Basi liliposimama Korogwe, wachuuzi wakazingira madirisha na mayai, machungwa na karanga. Mimi nilikuwa nimeegemea bega la mama, macho nimeyafumba nusu. Nikamwona baba akinyoosha mkono nje ya dirisha na kuushusha upesi baada ya kugusa kitu cha dhahabu. "Punguza, kijana." Mchuuzi akajibu maneno ambayo hadi leo sijasikia tangazo la kweli kuyashinda: "Mzee, hii haiishi betri." Dhahabu ikaingia dirishani kama kule Mira, ikatumbukia mfukoni mwa koti. Nami nikalala kwelikweli.

Asubuhi ya Krismasi baba akatangaza kwamba mgeni wetu amepita usiku. Kuhusu gari la rimoti, alieleza, lilishindikana, kwa sababu Desemba hii hata Baba Krismasi kapandishiwa nauli. Nikaivaa saa. Nikasema, "Ukimwona, mwambie asante." Baba akakohoa, akatoka nje kuangalia migomba.

Sasa fadhila zake. Ya kwanza ni ukweli. Saa iliyosimama husema kweli mara mbili kwa siku, na hilo hata maadui zake wanalikubali. Yangu ilisema kweli mara nne. Shuleni tulifundishwa kwamba mshale ukielekea kumi, Mswahili hutamka saa nne, kwa hiyo ilipatia asubuhi na ikapatia usiku. Babu, ambaye saa yake aliitegesha kwa majira yetu bila kupinduapindua, aliisoma kama ilivyochapwa: saa kumi na dakika kumi. Ikapatia jioni, alipokuwa akienda kukata majani ya ng'ombe, na ikapatia alfajiri, jogoo wakiwa mashahidi. Nionyesheni mwanasiasa mwenye wastani huo.

Ya pili ni uvumilivu. Shati langu la sikukuu lilinunuliwa kubwa ili Krismasi ijayo linitoshe, lakini mkanda wa saa ulinibana tangu siku ya kwanza, na kufika mchana ukanitoa upele. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nilikuwa na vyote viwili kwenye mkono mmoja, na sikuivua.

Ya tatu ni unyenyekevu. Haikutaka kutegemewa. Shangazi alikuwa akiniuliza saa, ananishukuru kwa heshima zote, kisha anatazama jua ndipo aipue mtori.

Mtanilinganishia na gari la rimoti. Sawa. Binamu yangu aliyetoka Arusha aliletewa gari lilelile nililoliota. Siku ya Krismasi liliheshimiwa kama gari la mkuu wa wilaya. Tarehe 26 betri zikaanza kuishiwa. Tukazianika juani, tukaziuma, likatambaa hatua tatu likazimia kwenye tope la kihambani. Tarehe 27 lilikuwa limefungwa kamba, linavutwa, sawa na magari ya makopo tuliyokuwa tukijitengenezea bure. Saa yangu, tarehe 27, ilikuwa palepale ilipokuwa tarehe 25.

Wapo watakaosema nilidanganywa. Hawajui hesabu za nyumbani. Baba hakujua kwamba nilimwona Korogwe, na mimi sikutaka ajue. Yeye aliniamini kwamba ninaamini. Baba Krismasi alikuwa kama mtoto mchanga aliyelala katikati yetu: kila mmoja akinyata, asije akawa yeye wa kumwamsha. Gari la rimoti lisingeweza kazi hiyo, kwa kuwa lenyewe lilikuwa zawadi tosha. Halikuhitaji msaada wa mtu. Saa isiyotembea ilihitaji ukoo mzima kuitembeza.

Na ilitembezwa. Usiku ule wa Krismasi chemli ilikuwa mezani, wazee wako kwenye mbege, nasi watoto tunakimbizana uani gizani. Mama akatoka mlangoni: usiku umekwenda, tukalale. Nikainua mkono.

"Mama, hii inasema saa nne na dakika kumi."

"Ndiyo," mama akasema. "Saa nne usiku. Kalaleni."

Sikuwa na jibu. Baba akaniita. Akaushika mkono wangu, akausogeza karibu na taa, akaisoma ile saa aliyoipigania bei dirishani, polepole, kama mtu anayesoma barua ya posta.

"Mama nanihii, umekosea," akasema. "Hii ni saa nne asubuhi. Waache wacheze."