Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa utalii endelevu kwa maendeleo, nasi wa Unguja, ambao Mji Mkongwe wetu ulikwishatiwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, tulifurahi furaha isiyo kifani, kwani wahenga walitangulia kunena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni kaja, akapokewa kwa taadhima, akachimbiwa birika la kuogelea hatua chache tu kutoka baharini, asije akaudhiwa na chumvi, hali nyuma ya ukuta bibi mmoja, ndoo kichwani, ampita mlinzi akenda kutafuta kisima ambacho chumvi haijakiingia. Hatunung'uniki, hasha, ushirikiano una taratibu zake: wenzetu wa ng'ambo huleta ndege na mvinyo, kisha faida wakairejesha kwao salama salimini, na sisi hutoa jua, pweza na tabasamu. Uendelevu nao umedhihiri yakini, maana mwaka wenda, mwaka warudi, na ndoo ya bibi ingali ikiendelea palepale kichwani. Mgeni kapona, mwenyeji, inshallah, atajadiliwa mkutano ujao.