Utalii wa Baiskeli na Makanisa ya Kale: Mhadhara wa Mshauri Mwelekezi kwa Wananchi wa Dutwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, ndugu Mtendaji wa Kata, wazee wangu mliowahi kivuli, akina mama, vijana wa baiskeli, itifaki imezingatiwa. Mwangaluka! Naambiwa hiyo ni salamu ya asubuhi na sasa ni saa tisa alasiri. Sawa, lakini nilipangiwa kuongea asubuhi na salamu niliiandaa tangu jana. Nisingependa iharibike.

Kabla ya mada nijitambulishe, maana najua wengi wenu mmeacha shughuli zenu kuja kuniona. Naona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa. Anasema anasubiri pamba yake ipimwe, na mzani uko hapa nyuma yangu. Karibu hivyo hivyo, mzee, elimu haimwulizi mtu amefuata nini. Mimi ni Mshauri Mwelekezi wa Utalii wa Magurudumu Mawili, Kanda ya Ziwa yote pamoja na visiwa vyake. Cheo hiki sikupewa na mtu. Nilijifanyia usaili mwenyewe, usaili mgumu kweli kweli, na katika waombaji wote nikashika nafasi ya kwanza. Naomba makofi.

Asanteni nyote wawili.

Tena naomba msilicheke bango. Ni kweli limeandikwa "Dutwa, Mkoa wa Shinyanga," na ni kweli Mkoa wa Simiyu ulianzishwa Machi 2012. Lakini mada yetu leo ni historia, na bango langu ni sehemu ya historia. Huko Ufaransa bango kama hili lingewekewa uzio na kiingilio.

Sasa nimeitaja Ufaransa, na nikishaitaja huwa sirudi mapema. Huko, mbali na jiji la Paris, kuna vibarabara vya mashambani ambavyo gari hupita moja moja. Mtu anaamka, anakunywa kahawa, anapanda baiskeli yake na kupita polepole kati ya ngano na mizabibu. Kila baada ya vilima viwili vitatu anakuta kijiji kimezunguka kanisa la mawe lililojengwa miaka 800 au 900 iliyopita. Anaegemeza baiskeli ukutani, anaingia, anakaa kwenye ubaridi, anatoka, anaendelea. Pale Vézelay, katika Burgundy, kuna basilika ya Maria Magdalena juu ya kilima. Mwaka 1146 Bernard wa Clairvaux aliita watu pale kwenda Vita ya Pili ya Msalaba, na umati ulikuwa mkubwa mno, ikabidi wakusanyike nje uwanjani. Jambo hilo hata mimi hunitokea. Nikianza kuhutubu, watu hutoka nje.

Kijana wa kofia nyekundu anauliza kama nimefika huko. Kijana, watu wadogo hufika, mtaalamu hufikiwa. Vézelay ilinifikia nyumbani, kwenye kalenda ya duka la dawa, mwezi wa tano, na sikuigeuza kalenda ile hadi mwezi wa nane. Ndiyo sababu nilichelewa kulipa ada za watoto. Sayansi ina gharama zake.

Turudi kwenye chombo chenyewe. Baiskeli, ndugu zangu, ilibuniwa Paris na… Naona mwalimu mstaafu amenyoosha mkono. Anasema ilibuniwa na Mjerumani, Karl Drais, mjini Mannheim mwaka 1817, na kwamba haikuwa na pedeli. Mtu aliikalia akawa anasukuma ardhi kwa miguu. Wafaransa, anasema, akina Pierre Michaux, walikuja na pedeli miaka ya 1860. Asante, mwalimu, umenimalizia sentensi. Niongeze tu kwamba mtindo wa Drais ndio ninaoutumia mimi hadi leo. Nakaa kwenye siti, nasukuma chini kwa miguu. Wanangu wanadai ni kwa sababu sijui kuendesha. Watoto wa siku hizi hawasomi historia.

Baba wa utalii huu ninaouzungumzia ni Mfaransa mmoja wa Saint-Étienne, Paul de Vivie, aliyejiita Vélocio, aliyezaliwa 1853 akafariki 1930. Huyo ndiye aliyepigania baiskeli ziwe na gia za kubadilisha, wakati wakubwa wa mashindano wakiziona ni kitu cha wazee na wanyonge. Tour de France ilianza 1903, na gia za aina hiyo hazikuruhusiwa mpaka 1937. Vélocio aliacha amri saba. Kula kabla hujaona njaa, kunywa kabla hujaona kiu: hiyo naishika kwa moyo wangu wote, na nachukua nafasi hii kumuuliza Mheshimiwa Mwenyekiti kuhusu ule wali. Nyingine inakataza nyama, mvinyo na tumbaku ukiwa safarini. Hiyo, Mwenyekiti, usiihangaikie. Ya saba inasema mtu asipige pedeli kwa majivuno. Nimeichunguza kwa makini nikaona hainihusu, kwa kuwa mimi sipigi pedeli.

Na sikilizeni hili. Kusini-magharibi mwa Ufaransa, Labastide-d'Armagnac, kuna kanisa dogo la zamani ambalo padri mmoja, Joseph Massie, mwaka 1959 alilifanya kuwa kanisa la Bikira Maria wa Waendesha Baiskeli. Kuta zake zimejaa jezi za mabingwa, pamoja na za washindi wa Tour de France. Nimeandika barua kuomba na fulana yangu itundikwe. Hawajajibu. Nadhani bado wanatafuta ukuta wenye nguvu.

Mama mwenye khanga ya njano anauliza watalii hao wanabeba nini. Mama, wanabeba mkoba mdogo tu. Madumu? Hapana, hawabebi madumu. Pamba hawabebi. Mgonjwa wa kumpeleka zahanati hawabebi, wala mtoto mgongoni. Sasa mama anauliza, kama hawabebi kitu, baiskeli wanaitoa ndani kwa kazi gani. Swali zito. Nitalijibu kwa maandishi.

Nafika kwenye kiini. Nimekuja kuwaonea huruma, ndugu zangu. Nilitenga dakika 20 kamili kwa huruma hiyo. Hapa Dutwa mnayo nikeli vilimani, mnayo pamba, mnayo lami inayotoka Bariadi kwenda Lamadi. Lakini kanisa la kihistoria la kulifuata kwa baiskeli, hapana, ukanda huu Mungu hakuwapa, na ndiyo maana mnahitaji mshauri mwelekezi kwa malipo ya…

Ndiyo, mzee wangu. Karibu, simama tu.

Mzee anasema Nassa.

Mzee anasema, kwa wale wasiosikia vizuri, kwamba Nassa iko wilaya ya Busega, mkoa huu huu wa Simiyu. Anasema wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo pale mwaka 1888, na mwaka 1909 wakawakabidhi Africa Inland Mission, na kwamba kanisa ambalo leo tunaliita AIC lilianzia pale kwa nchi hii nzima. Anasema tangu ujana wake amekwenda Nassa kwa baiskeli, Phoenix nyeusi ya kutoka China, ngoma ya kwaya imefungwa kwenye keria kwa mipira ya tyubu, na mkewe amekaa mbele kwenye bomba. Unateremka mpaka Lamadi, unakunja kushoto kwenye barabara ya Mwanza, na kuanzia hapo upepo wa ziwa unakupiga mpaka unadhani unarudi nyuma. Michembe mfukoni, maji kwenye kibuyu. Wakifika wanaimba, wanalala, kesho yake wanarudi kupalilia.

Mzee wangu, na wewe tukuite nani? Mshauri wa nini? Huna cheo? Basi hayo ni mazoea, si utalii.

Hata hivyo nilikuwa naelekea huko huko Nassa. Ukitazama mwaka 1888 utaona kwamba ndio mwaka ambao John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo. Injili imefika Nassa na upepo umeingia kwenye tairi, mwaka mmoja! Ugunduzi huu nimeupa jina: Nadharia ya Upepo. Ndiyo, mwalimu, najua ni wewe uliyeninong'oneza sasa hivi. Nilisema nimeupa jina.

Katekista naye anataka dakika moja. Mpeni. Anasema kila Jumapili anaendesha baiskeli kwenda kigango, na kuna Jumapili ni vigango viwili, kwa sababu padri ni mmoja na vigango ni vingi. Mvua za masika zikishika, udongo mweusi unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma, na hapo yeye huvua viatu, hubeba baiskeli begani, na Misale ameivalisha mfuko wa nailoni. Anasema pia kwamba hao Wafaransa ninaowasifu walikwisha kuja. Mwaka 1883 mapadri wa shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, Mfaransa wa Bayonne, walifungua misheni Bukumbi, kusini mwa Mwanza, baada ya kuondoka Uganda, na kiongozi wao alikuwa Léon Livinhac, mtoto wa mashambani Ufaransa. Anasema na Bujora, pale Kisesa, Padri David Clement kutoka Kanada aliacha kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na makumbusho pembeni, na kwamba sikukuu ya Bulabo ikifika, vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu vinashindana kucheza ngoma mpaka vumbi linafunika jua.

Ndugu zangu, nimesikitika. Wafaransa wamekuja mpaka Bukumbi bila kunishirikisha, na mimi ndiye mwenyeji.

Sasa tuingie kwenye vitendo. Somo la pancha. Fundi, wewe uliyekaa hapo na karai lako, niazime tairi nifundishe. Pancha, kwa mtazamo wa Kifaransa, ni mwaliko wa kutulia. Msafiri anaketi kando ya barabara, anatazama mnara wa kanisa kwa mbali, anaitafakari safari yake. Kwanza anajiuliza: tundu hili limetoka wapi? Je, ni msumari, au ni mwiba? Na kama ni mwiba, ni mwiba wa mti gani, na mti huo ulipandwa enzi ya nani? Fundi, mbona unatoa tyubu nje kabla sijafika huko? Ameizamisha kwenye karai. Viputo vinatoka. Ameshika tundu kwa kidole gumba, amekausha kwa shati lake, amepiga msasa, anapaka solusheni, anaipuliza kidogo kwa mdomo. Fundi, subiri, bado niko kwenye tafakuri! Amebandika kiraka, amekigonga kwa kitako cha pampu. Anarudisha tyubu. Anapiga pampu. Mteja ameshapanda. Mteja ameshaondoka.

Mmeona wenyewe. Mtaalamu akisimamia, kazi inakwenda.

Maswali? Swali moja tu, na lisiwe la mwalimu. Kijana wa kofia nyekundu anauliza nimefikaje hapa leo. Nimekuja kwa gari, kijana. Nilipewa lifti na bwana mmoja mnunuzi wa mahindi, nikakaa mbele, kiyoyozi kikanipiga mafua, kwa hiyo mateso ya msafiri nimeyaonja. Gari hilo ndilo litakalonirudisha Bariadi, lile pale, jeupe, lililokuwa… Lilikuwa pale.

Limeondoka saa ngapi? Wakati wa Vézelay? Na hakuna aliyenishtua? Mlidhani nalala hapa? Asanteni, nyinyi ni wakarimu, lakini kesho asubuhi nina mhadhara kuhusu uvuvi.

Basi la mwisho? Limepita wakati wa Vélocio.

Katekista, kaka yangu, baba yangu, nimesikia unaelekea upande wa Bariadi jioni hii. Hiyo keria yako ina nguvu? Ilishabeba gunia la mahindi? Gunia zima? Basi tumekaribiana. Wekeni khanga hapo nikalie, mama, wabheja sana. Miguu nitaiweka wapi? Niipanue? Mbele za watu? Na bango nalishika mkono gani? Polepole, katekista, polepole, nataka kuona mandhari. Kama kuna kigango cha zamani njiani, simama tukione. Nitaingiza kwenye ripoti kwamba nimefanya utafiti wa nyanjani. Nauli tutaelewana. Mwalimu, una kalamu? Niandikie karatasi ndogo hapo, risiti: "Usafiri wa mtaalamu, Dutwa hadi Bariadi." Tarehe ya leo. Katekista aweke sahihi chini.

Hapana, kiasi usijaze. Nitajaza mwenyewe.